Maswali na majibu: Stresi ya nondo, stresi ya moyo na stresi ya mtu

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi, mwaka wa pili. Darasani tunafundishwa kwamba mkazo, ambao wenyewe kwa wenyewe tunauita stresi, ni kani gawanya kwa eneo, basi. Juzi baba yangu, mwenye miaka 60, alipelekwa hospitali "kupimwa stresi". Akarudi akisema alipandishwa kwenye mashine akatembezwa mpaka jasho likamtoka, na hakuulizwa hata swali moja kuhusu mawazo yake. Dada yangu naye ana saa ya mkononi inayomwambia stresi yake ni 78. Je, vitu hivi vitatu ni kimoja? Kama ni kimoja, hiyo 78 ni 78 ya nini? Na kama sivyo, kwa nini vinaitwa jina moja?

JIBU: Marahaba, mhandisi. Nikupe jibu fupi kwanza: si kitu kimoja, ila ni ndugu. Mambo yote haya yana mnyororo unaofanana. Kuna mzigo unaotoka nje, kuna hali inayojengeka ndani ya kitu kilichoubeba, na kuna badiliko linalotokea kwa sababu hiyo. Ninyi wahandisi jina mmelipa hali ya ndani. Fiziolojia, ambayo ndiyo kazi yangu, ikalipa badiliko. Daktari wa moyo aliyempima baba yako amelirudisha kwenye mzigo. Wanasaikolojia wakaona hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotosha, wakalipeleka kwenye uhusiano kati ya mzigo na aliyeubeba. Ukishajua msemaji amesimama wapi kwenye mnyororo huo, utamwelewa.

Upande wako nitapita haraka, maana unaujua. Chukua nondo ya milimita 16, ining'inize, chini yake funga mzigo wa kilonyutoni 20, yaani kama tani mbili. Eneo la mkato wake ni milimita mraba 201, kwa hiyo ndani ya nondo kuna karibu nyutoni 100 kwa kila milimita mraba, ambazo ni megapaskali 100. Kila mita moja ya nondo hiyo itarefuka nusu milimita. Tani mbili ni mzigo, megapaskali 100 ni mkazo, nusu milimita ni badiliko la umbo. Robert Hooke alishaandika mwaka 1678 kwamba mvutano na urefukaji huenda sambamba, lakini aliyetupa mkazo kama hali iliyopo katika kila nukta ndani ya kitu ni Mfaransa Augustin-Louis Cauchy, katika miaka ya 1820. Kwake mkazo ni jedwali la namba tisa, sita kati yake zikiwa huru, kwa sababu ni lazima useme unaangalia uso upi na kani inaelekea wapi.

Yashike mambo mawili kuhusu mkazo wa Cauchy. La kwanza, hauhitaji mzigo wa nje. Kioo cha gari kilichopozwa ghafla kiwandani kina mkazo hata kikiwa kimelazwa tu mezani: uso wake umebanwa na katikati panavutwa. Ukivaa miwani ya jua ya aina ya polaroidi ukatazama kioo cha nyuma cha gari, mara nyingi utaona madoa yaliyojipanga kwa mistari. Hayo ndiyo alama za mkazo uliobaki humo tangu kioo kilipopozwa. La pili, nondo haijui kitu. Megapaskali 100 ni megapaskali 100, awe aliyetundika mzigo ni rafiki au adui. Hilo la pili ndilo linalotuponyoka tukifika kwa kiumbe hai.

Katika fiziolojia, Mmarekani Walter Cannon alilitumia jina hili mwaka 1935 karibu kabisa na mnavyolitumia ninyi. Aliuangalia mwili kama kitu kinachojisawazisha, akauliza: ukiubebesha baridi, upungufu wa oksijeni au upotevu wa damu, utavumilia mpaka kiwango gani kabla usawazishaji haujashindwa? Swali hilo mhandisi yeyote angeliuliza kuhusu boriti.

Aliyeligeuza ni Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Montreal, Kanada. Alikuwa akiwadunga panya dondoo za ovari akitafuta homoni mpya. Alipowapasua akakuta mambo matatu: gamba la tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo, limekua, tezi ya thaimasi, ile ya kinga iliyo kifuani, imesinyaa, tumboni kuna vidonda. Mtafuta homoni lazima afurahi. Kisha akajaribu dondoo za viungo vingine, hata fomalini, ambayo ni kemikali kali tu isiyo homoni, na panya wakatoa majibu yale yale. Akawaweka kwenye baridi, akawajeruhi, akawachosha kwa mazoezi: yale yale. Barua yake katika jarida la Nature la tarehe 4 Julai 1936 ni fupi sana, na neno stresi halimo. Alikuja kulitumia baadaye, na alipolitumia alilibandika kwenye majibu ya mwili. Kile kilichoyasababisha akakitafutia jina la pembeni. Hapa nitakiita kichokozi.

Kwa hesabu zenu, Selye aliliita "mkazo" lile ambalo mngeliita badiliko la umbo. Inasimuliwa kuwa mwenyewe baadaye alisema kwamba kama Kiingereza chake kingekuwa kizuri zaidi wakati ule, angechagua jina lile jingine. Ilikuwa imeshachelewa. Ndiyo maana leo mtu anasema "kazi hii ni stresi" (mzigo) na "nina stresi" (badiliko) katika pumzi moja, na hakuna anayemsahihisha.

Majibu yenyewe ya mwili yanajulikana vizuri. Ndani ya sekunde chache neva huamsha moyo na kufungulia adrenalini. Sambamba na hilo, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiashiria tezi ya pituitari, nayo hupeleka homoni kwenye damu mpaka kwenye gamba la adrenali, ambalo humwaga kortisoli. Njia hii ya pili huchukua dakika. Kortisoli huongeza sukari kwenye damu na hutuliza kinga ya mwili kwa muda. Si sumu, kama baadhi ya wauza dawa za lishe wanavyotaka uamini. Kila asubuhi hupanda ndani ya kama nusu saa baada ya kuamka, na usiku wa manane huwa chini kabisa. Asiye nayo kabisa hufa.

Sasa tufike pale ambapo nondo na panya huachana. Selye alidai kwamba kichokozi chochote, kikiwa kikali, huleta majibu yale yale. John Mason, Mmarekani aliyefanya kazi na nyani, alilitilia shaka dai hilo. Njaa ni kichokozi cha mwili, hilo halina ubishi. Lakini nyani anayenyimwa chakula huku akiwaona na kuwasikia wenzake wakila ana mambo mawili: tumbo tupu na kuonewa. Mason akawatenga nyani wake, akawapa vidonge vyenye ladha na umbo la chakula chao lakini visivyo na lishe yoyote. Tumbo lilikuwa tupu vilevile kwa maana ya lishe, lakini homoni za adrenali hazikupanda kama ilivyotarajiwa. Kumbe sehemu kubwa ya kilichokuwa kikiitwa majibu ya njaa kilikuwa majibu ya kunyimwa.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote, na naamini mhandisi atalipenda, ni la Jay Weiss, wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Panya wawili wamefungwa elektrodi mkiani, na nyaya zao zimeunganishwa kwa mfuatano, si kwa sambamba. Unajua maana yake: mkondo unaopita kwa wa kwanza ndio huo huo unaopita kwa wa pili, ampea kwa ampea, sekunde kwa sekunde. Kwa upande wa fizikia, wamebebeshwa mzigo mmoja. Tofauti ni kwamba panya mmoja husikia mlio kabla ya kila shoti, na mwenzake husikia milio hiyo ovyo, bila uhusiano wowote na shoti. Panya wa tatu amefungwa vilevile lakini hapati umeme. Matumbo yao yalipochunguzwa, yule aliyetahadharishwa alikuwa na vidonda vichache, si mbali sana na yule asiyepigwa kabisa. Asiyejua shoti itakuja lini ndiye aliyeumia. Katika jaribio jingine panya mmoja aliwekewa gurudumu la kuzungusha ili aukate umeme, na akikata, umekatika kwa wote wawili. Mwenye gurudumu akapata vidonda vichache kuliko mwenzake.

Fikiria nondo mbili zilizobebeshwa sawasawa, halafu moja inaharibika zaidi kwa sababu haikuambiwa! Hapo ndipo mlinganyo wa kani gawanya kwa eneo unapokosa pa kushika. Katika kiumbe chenye ubongo, mzigo haufiki mwilini moja kwa moja. Hupitia kwanza kwenye tafsiri: hiki ni nini, kinakuja lini, na nina uwezo gani nacho?

Richard Lazarus ndiye aliyelijenga hilo kuwa nadharia, na mwaka 1984, pamoja na Susan Folkman, akaipanga kwa maneno yanayotumika hadi leo. Mtu hupima mara mbili. Kwanza: je, jambo hili linanihusu, na ni tishio, hasara au changamoto? Pili: nina nini cha kulikabili? Msongo, kwa maana ya wanasaikolojia, ni pale mizani ya pili inapoonekana kuzidiwa na ya kwanza. Haumo kwenye tukio wala haumo ndani ya mtu. Umo katikati yao. Na kwa kuwa tafsiri hufanya kazi hata kitu chenyewe kisipokuwepo, mtu aliyelala kitandani akiwaza kesi ya wiki ijayo anaweza kuwa na moyo unaokwenda mbio, kama kile kioo kilicholazwa mezani. Sitaki kuusukuma mfano huo mbali zaidi, maana kioo hakina wiki ijayo.

Maabara zinathibitisha. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walitoa utaratibu unaotumika sana tangu hapo. Mshiriki hupewa muda mfupi kujiandaa, kisha husimama dakika tano kujinadi kwa ajili ya kazi mbele ya jopo ambalo halitabasamu wala halitikisi kichwa. Halafu dakika tano nyingine anatoa 13 kutoka 1022 kwa sauti: 1009, 996, 983... Akikosea anaambiwa aanze upya. Hakuna anayemgusa, hakuna baridi wala umeme, lakini kortisoli kwenye mate hupanda kwa watu wengi. Mwaka 2004 Sally Dickerson na Margaret Kemeny walikusanya tafiti 208 za maabara na kukuta kwamba kazi zinazoipandisha kortisoli zaidi ni zile zenye mambo mawili kwa pamoja: huwezi kuyadhibiti matokeo, na kuna watu wanaokuhukumu. Kazi ngumu tupu, isiyo na hayo mawili, ilifanya kidogo.

Kwa hiyo umeuliza 78 ya dada yako ni ya nini. Haina kipimo cha kizio kama paskali. Saa inamulika ngozi kwa taa, inahesabu mapigo, kisha inaangalia muda kati ya pigo na pigo unavyobadilikabadilika. Mtu akiwa ametulia, muda huo hupanuka na kusinyaa kidogo kufuata pumzi. Mwili ukichangamka, mapigo hujipanga kama askari. Mtengenezaji anaingiza hayo kwenye kanuni yake, inatoka namba. Homa, pombe ya jana, kukosa usingizi, hata ngazi alizopanda sasa hivi, vyote vitaipandisha. Saa inaona mwili uliochangamka. Haiwezi kujua kama umechangamka kwa hofu au kwa furaha ya kuposwa. Namba hiyo ina maana kiasi fulani ikilinganishwa na ya kwake mwenyewe, saa ile ile ya siku, kwa wiki kadhaa. Kuilinganisha na ya rafiki mwenye saa ya kampuni nyingine ni kupoteza muda.

Kuna waliojaribu kuweka kizio upande wa matukio. Mwaka 1967 Thomas Holmes na Richard Rahe walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja na alama zake: kufiwa na mwenzi 100, talaka 73, kufunga ndoa 50. Ilisaidia utafiti, lakini unaona tatizo lake mara moja ukiwakumbuka panya wa Weiss. Inapima shoti, haiulizi nani alisikia mlio. Ndiyo maana hojaji iliyoshika zaidi sasa, ya Sheldon Cohen na wenzake ya mwaka 1983, inamuuliza mtu ni mara ngapi mwezi uliopita aliona mambo yamemzidi au yako nje ya uwezo wake. Toleo la maswali 10 linatoa alama 0 hadi 40. Kwangu mimi hizo ndizo namba za msongo zenye uaminifu zaidi, ingawa zimetoka mdomoni mwa mhusika mwenyewe na si kwenye mashine.

Kuhusu vidonda vya tumbo, niweke tahadhari. Kwa miaka mingi vidonda vya panya wa Selye viliwafanya watu waamini kwamba vidonda vya binadamu ni vya mawazo tu. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba bakteria, Helicobacter pylori, ndiye chanzo kikubwa, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mwenye vidonda apimwe bakteria kwanza, ushauri wa "punguza mawazo" ufuate baadaye.

Kuna mahali kuchoka kwa metali na kuchoka kwa mwili hukaribiana kweli. Wewe utasoma kuhusu August Wöhler, aliyeonyesha katikati ya karne ya 19 kwamba ekseli za treni huvunjika kwa mkazo mdogo uliorudiwarudiwa, mdogo kuliko ule wa kuivunja mara moja. Bruce McEwen na Eliot Stellar mwaka 1993 walipendekeza wazo linalolingana na hilo kwa mwili: kila mara presha, sukari na homoni zinapopandishwa kukabili jambo, kuna gharama ndogo, na gharama hizo hulimbikizana. Walioliendeleza wazo hilo wameupima mlimbikizo kwa viashiria kadhaa kwa pamoja, miongoni mwake presha, kiuno kwa nyonga, kolesteroli, sukari ya muda mrefu na kortisoli ya mkojo. Lakini ekseli haijitengenezi usiku. Mfupa hujitengeneza. Askari wa Prussia walioandikwa na daktari wao mwaka 1855 walipata mivunjiko midogo ya miguu kwa kutembea sana kwa sababu uharibifu uliutangulia ukarabati, basi. Na ukiuondolea mfupa mzigo kabisa hauwi salama, unadhoofika: wanaanga hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa madini ya nyonga kwa kila mwezi wanaokaa angani.

Mfupa huo unatuleta kwenye jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba ndani ya tiba upo pia mkazo wako halisi, wa paskali. Damu inayopita hukwaruza ukuta wa mishipa mikubwa kwa mkazo wa kama paskali 1 au 2. Chembe za ukuta zinauhisi, na mafuta hupenda kujijenga pale unapokuwa hafifu au unapogeukageuka, kama kwenye njia panda ya mshipa wa shingoni. Ukuta wa moyo nao una mkazo wake: presha mara nusu kipenyo, gawanya kwa mara mbili ya unene. Weka kilopaskali 16, ambazo ni zile 120 za presha ya kawaida, nusu kipenyo milimita 25 na unene milimita 9, utapata karibu kilopaskali 22. Ni kanuni ya tufe jembamba, na moyo si tufe wala si mwembamba, lakini inakueleza kwa nini moyo wa mwenye presha ya juu hunenepa ukuta: unene uko chini ya mstari wa mgawanyo.

Sasa baba yako. Alichofanyiwa ni jaribio la mzigo, kama mnavyopitisha malori kwenye daraja jipya. Utaratibu unaotumika sana ni wa Robert Bruce, wa mwaka 1963: dakika tatu za kwanza mashine inakwenda kilomita 2.7 kwa saa kwa mwinuko wa asilimia 10, tatu zinazofuata kilomita 4 kwa asilimia 12, na kuendelea hivyo. Mtu wa miaka 60 hukadiriwa kuwa na upeo wa mapigo 160 kwa dakika (220 toa umri), na kwa kawaida hulengwa angalau asilimia 85, yaani 136. Moyo ukidai oksijeni nyingi kuliko mishipa yake inavyoweza kupitisha, kipande cha ST kwenye mchoro wa umeme wa moyo hushuka. Milimita moja au zaidi humfanya daktari aangalie vizuri. Asiyeweza kutembea huchomwa sindano ya dawa kama dobutamini, moyo ukabebeshwa mzigo akiwa amelala.

Mwombe baba karatasi yake mwangalie mambo manne: alifikia hatua ya ngapi, mapigo yalifika mangapi, alisikia maumivu ya kifua au la, na ST ilishuka au haikushuka. Kama hakufika 136, matokeo safi hayajasema mengi, na ni haki yenu kumuuliza daktari kama anadhani kipimo kirudiwe kwa njia nyingine. Kama siku hizi halali kwa mawazo, hilo amwambie daktari mwenyewe kwa mdomo, kwa sababu mashine ile haikumuuliza.